Ana mimba au ameshiba tu? Majibu kwa wafugaji wa paka na mbwa

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Unguja na Pemba takriban zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mnyama wangu ana mimba au hana? Wengi mmelitazama tumbo. Tumbo ndiyo dalili inayochelewa kuliko zote, na ndiyo inayodanganya zaidi. Kinachosaidia ni tarehe: siku aliyopandwa, au siku aliyorudi kutoka alikopotelea. Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani siku hiyo hiyo, kwani karibu kila jibu hapa chini linaanzia hapo.

Asalaam aleikum. Paka wangu alitoroka kupitia darini akarudi kesho yake. Leo ni wiki ya tatu. Chuchu naziona zimegeuka rangi lakini tumbo liko vile vile. Nilinunua kile kipimo cha mkojo kwenye duka la dawa, kikatoa mstari mmoja. Ndiyo hana? (Msomaji, Kikwajuni)

Waalaikum salaam, bibie. Kipimo hicho usikitegemee. Kinatafuta homoni ambayo mimba ya binadamu huitoa kwenye mkojo wa mama. Paka na mbwa hawaitengenezi, kwa hiyo hata paka aliyebakisha saa moja kuzaa atatoa mstari mmoja.

Chuchu ndizo zenye habari. Mlaze ubavu penye mwanga wa asubuhi, mtulize, kisha mpenue manyoya ya tumboni kwa vidole viwili. Kwa kawaida utahesabu chuchu nane, nne kila upande. Paka asiye na mimba chuchu zake ni ndogo mno, rangi ile ile ya ngozi, na pengine kidole kitazipata kabla ya jicho. Baina ya siku ya 15 na ya 21 tangu kupandwa huinuka, hugeuka waridi iliyokoza, na manyoya yaliyozizunguka hupungua hata ukaona kiduara cha ngozi tupu. Paka wa mimba ya kwanza huionesha dalili hii wazi kabisa. Aliyekwishazaa mara kadhaa chuchu zake ni ndefu tokea hapo, kwa hiyo kwake tazama rangi, usitazame urefu. Kwa maelezo yako, bibie, uwezekano wa mimba ni mkubwa.

Kuna na hesabu ya makelele. Kwa kawaida paka jike hatoi yai mpaka apandwe. Asipopandwa, kule kulia usiku, kujigaragaza sakafuni na kuinua makalio hukaa kama wiki moja, huondoka, kisha hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Akipandwa yai likatoka lakini mimba isishike, hunyamaza kama siku 40 ndipo aanze tena. Kwa hiyo ukimya wa wiki tatu unaonesha tu kwamba pengine alikutana na dume. Ukimya uliopindukia siku 50 ndio wenye uzito.

Tumbo lenyewe huanza kuonekana wiki ya tano. Mtazame kutoka juu akiwa amesimama: kiuno kilichokuwa kimebana nyuma ya mbavu hujaa pande zote mbili. Kama nyumbani kuna mizani ya kusimamia, jipime umempakata, kisha jipime peke yako, utoe. Paka wa kilo 3 huongeza baina ya kilo 1 na 1.5 mpaka siku ya kuzaa.

Daktari wa mifugo mwenye mkono mzoefu humpapasa tumbo baina ya siku ya 21 na ya 28, akavihisi vifuko vya watoto kimoja kimoja kama shanga zilizotungwa. Zikishapita siku 35 maji huongezeka, vifuko hugusana, na mkono haupati tena cha kutenganisha. Tafadhali usijaribu mwenyewe: mavi makavu yaliyomo utumboni huweza kuhisika vivyo hivyo, na kubinya kwa nguvu huweza kuidhuru mimba. Altrasaundi ikipatikana, ifanywe siku ya 25 au baada yake, wakati mapigo ya moyo wa watoto huonekana bila shaka. Eksirei haina faida kabla ya siku ya 45, kwa sababu mifupa ya watoto bado haijakaza kiasi cha kutokea kwenye picha. Lakini katika wiki ya mwisho hakuna kipimo kinachohesabu idadi ya watoto vizuri kuliko hicho.

Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 67. Hesabu tokea usiku ule aliotoroka.

Paka wa miezi mitano anaweza kushika mimba? Na paka wa huku wana msimu? (Mwanafunzi wa skuli, Mkoani)

Anaweza, na wapo wanaoshika wakiwa na miezi minne. Msimu ni wa nchi za mbali na ikweta, ambako siku za baridi mwanga wa jua ni wa saa chache na mwili wa paka jike husimamisha uzazi. Visiwa vyetu viko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Kwa hiyo paka wetu huzaa masika, kusi, vuli na kaskazi. Kumbuka pia kwamba paka hawajali undugu: dume na jike wa uzao mmoja watenganishe wakifika miezi minne. Na usishangae kuona watoto wa rangi tatu katika uzao mmoja. Paka jike hupandwa mara nyingi na mashume tofauti, na watoto wa tumbo moja huweza kuwa na baba mbalimbali.

Mie ni mkulima wa mikarafuu karibu na Wete. Mbwa wangu jike analinda shamba, nyumbani haingii. Miezi miwili imetimia tangu madume walipoanza kumfuata. Maziwa yanamtoka, amechimba shimo chini ya mti, na amechukua kifuu cha nazi anakilinda kama mtoto, ukikisogelea ananguruma. Hajazaa. Nami simgusi mbwa kwa mkono. Nitajuaje? (Mkulima, Pemba)

Shikamoo mzee wetu. Yawezekana ni moja kati ya mambo mawili, na tarehe ndiyo itakayoyatenganisha.

La kwanza, huenda siku zake hazijatimia. Madume huanza kumfuata mbwa jike tangu damu inapoanza kumtoka, lakini yeye huwakataa kwa siku 9 hivi. Baadaye damu hupauka, huwa majimaji ya rangi ya majani makavu, na hapo ndipo hukubali, kwa siku nyingine kama 9. Mtu aliyehesabu tangu madume walipoingia shambani amezidisha wiki nzima au zaidi. Juu ya hayo, mbegu za dume huweza kukaa hai ndani ya jike kwa siku kadhaa hata wiki. Ndiyo maana mimba ya mbwa ni siku 63 tangu yai lilipotoka, lakini ukihesabu tangu kupandwa unaweza kupata chochote baina ya siku 57 na 72.

La pili, na ndilo linaloelekea zaidi kwa sababu ya hicho kifuu, ni mimba ya uongo. Mbwa hatofautiani hapa na mbwa mwingine yeyote duniani: baada ya kila joto, yaani zile siku za kutaka dume, awe amepandwa au hakupandwa, mwili wake hutoa homoni ya kulea mimba kwa muda wa kama miezi miwili. Homoni hiyo inapoanza kushuka, ile ya maziwa hupanda. Mwili basi unafanya yote ya mama mzazi: matiti hujaa, maziwa hutoka, anachimba pa kuzalia, anachagua kitu cha kukilea. Si ugonjwa wala hana akili mbovu. Maziwa kwa mbwa, basi, si ushahidi wa mimba.

Kwa kuwa humgusi, mtazame asubuhi kabla hajala, ukiwa umesimama nyuma yake hatua nne au tano. Mwenye mimba ya wiki ya nane tumbo lake hushuka chini na kutanuka ubavuni, na uti wa mgongo huonekana kuzama kidogo. Wa mimba ya uongo amejaa matiti tu, kiuno kipo pale pale. Akijilaza ubavu na kutulia, tazama ngozi ya tumbo kwa dakika kumi. Katika wiki mbili za mwisho watoto huonekana wakisukuma kutoka ndani. Kazi ya kupapasa mwachie daktari wa mifugo, lakini mzoeshe mbwa kamba ya shingoni mapema, kwani asiyefungika hapimiki.

Ikiwa ni mimba ya uongo itaisha yenyewe kwa wiki mbili au tatu. Usimkamue na usimfute matiti kwa maji ya moto, maana kila titi linaposisimuliwa maziwa huongezeka. Kifuu mwondolee taratibu akiwa ametoka, na mpe kazi ya kuzunguka shamba zaidi. Titi likiwa gumu, jekundu na la moto, hapo kuna maambukizo na anahitaji dawa. Na zikipita siku 72 tangu siku ya kwanza aliyokubali dume, au majimaji ya kijani kibichi au meusi yakimtoka kabla ya mtoto wa kwanza, usingoje jioni.

Hapa tunapolinda, Jambiani, kuna mbwa jike anatokwa damu kwa zaidi ya mwezi na madume hawamwachi. Wenzangu wanasema ni mimba inaharibika. (Mlinzi wa usiku)

Ndugu mlinzi, damu ya joto huisha kwa siku chache hadi wiki mbili na nusu. Mimba ya kawaida haitoi damu. Damu inayodondoka mwezi mzima kwa mbwa anayezurura inatufanya tufikirie kwanza uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Huu ni uvimbe wa ajabu, kwani chembe zake zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine zikaota huko. Ukimtazama anapoinua mkia huenda ukaona kinyama chekundu chenye vinundu, kinachovuja kikiguswa tu. Kwa kulambana, uvimbe huu huota hata puani na mdomoni.

Habari njema ni kwamba unatibika. Daktari hutoa sindano ya vinkristini mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na mbwa wengi hupona kabisa. Lakini ni dawa kali inayodhuru mimba, kwa hiyo lazima ijulikane kwanza kama ana mimba. Muda wote huo afungiwe mbali na madume. Na mkiwakuta wamenasana, msiwapige wala kuwamwagia maji. Wataachana wenyewe, kwa kawaida ndani ya nusu saa, na kuwavuta kunawajeruhi wote wawili bila kuzuia mimba.

Paka wangu ana miaka sita. Nilikuwa nampa vidonge vya uzazi wa mpango, nusu kila wiki, asizae. Sasa tumbo limejaa, anakunywa maji mno, hali chakula, na kuna uchafu unaonuka nyuma. Ningoje azae? (Mama wa Fuoni)

Usingoje hata kesho. Hiyo si mimba, kwa maelezo yako huo ni usaha katika mji wa mimba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

Vidonge hivyo vina homoni inayofanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba unenepe na kutoa ute, na mlango wake ujifunge. Vijidudu vikiingia humo vinakuta chakula na joto, wala hakuna pa kutokea. Sumu yao huingia kwenye damu na figo hushindwa kuzuia maji, ndiyo maana anakunywa na kukojoa kupita kiasi. Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuutoa mji wa mimba, pamoja na maji ya mshipani na antibayotiki. Mbwa jike pia hupata ugonjwa huu, mara nyingi wiki nne hadi nane baada ya joto, yaani wakati ule ule mwenyewe anapohesabu mimba. Wakati mwingine mlango hufunga kabisa na usaha hautoki nje, na hao ndio walio katika hatari zaidi.

Wasomaji wengine mshike hili: mwenye mimba hula vizuri, macho yake yako wazi, na hatoki uchafu wenye harufu. Tumbo kubwa lenye mnyama mnyonge si la kusubiriwa. Kwa mnyama mdogo, tumbo la mviringo na mgongo unaohesabika mifupa huwa zaidi ni minyoo. Tumbo linalotikisika kama lina maji ndani lina sababu za ini, moyo au maambukizo, na zote ni za daktari. Vidonge vya binadamu vya kuzuia uzazi visipewe paka wala mbwa. Huleta pia uvimbe wa matiti.

Mbwa na paka wangu wote wawili wana mimba. Mama mkwe anasema wapewe maziwa ya ng'ombe na vidonge vya kalsiamu. Mimi nawapa wali na dagaa. Nani yuko sahihi? (Mama wawili, Chake Chake)

Mwambieni mama kwa heshima kwamba vidonge hivyo viachwe. Mwili una tezi shingoni zinazotoa kalsiamu kwenye mifupa kila inapohitajika. Ukimlisha vidonge wakati wa mimba tezi hizo hulala. Akishazaa maziwa yanataka kalsiamu nyingi kwa ghafla, tezi haziamki, na katika wiki za mwanzo za kunyonyesha mama huanza kutetemeka, kukakamaa miguu na kupata degedege. Mbwa wadogo wa mwili wenye watoto wengi ndio hupatwa zaidi. Maziwa ya ng'ombe si sumu lakini paka wengi huharisha.

Mbwa usimwongezee chakula wiki tano za mwanzo. Kuanzia ya sita ongeza kidogo kila wiki, mpaka afikie robo hadi nusu zaidi ya chakula chake cha kawaida siku ya kuzaa. Paka yeye huongezewa taratibu tokea mwanzo. Tumbo likibanwa hali sana kwa mara moja, gawa mara tatu au nne. Akinyonyesha atahitaji mara mbili hadi tatu ya kawaida yake.

Wali na dagaa ni mwanzo mzuri, lakini paka wali apate kidogo sana. Dagaa wakavu waroweke, mwaga maji ya chumvi na mchanga, kisha chemsha. Baadhi ya samaki wadogo wakiliwa wabichi kila siku huharibu vitamini B1, na moto ndio unaoondoa madhara hayo. Mchuzi wa kuchemshia usiumwage: paka anahitaji taurini iliyomo kwenye samaki na nyama, nayo huyeyukia majini. Akiikosa kwa muda mrefu mimba huharibika. Badilisha na maini kidogo, vichwa vya samaki visivyo miba mikali, au kuku asiye na mifupa. Vitunguu visiingie, na mifupa ya kuku iliyopikwa itupwe pasipofikika.

Minyoo ya mbwa huhamia kwa watoto wakiwa bado tumboni, ya paka kupitia maziwa. Kwa mbwa, fenbendazoli miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku ya 14 baada ya kuzaa, hupunguza sana uambukizo huo. Mbwa wa kilo 10 hupata miligramu 500. Mpimeni uzito kwanza na mwafikiane na daktari. Msitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe na viroboto, na paka asipewe panadoli kabisa: kidonge kimoja huweza kumuua.

Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi minne na paka wangu naye pia. Mume wangu anataka tumtupe. (Bibie, Bububu)

Hakuna haja ya kumtupa. Vijidudu vya toksoplasma vilivyomo kwenye kinyesi cha paka huhitaji angalau siku moja nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Mchanga wake wa haja ukitupwa kila siku, na mtu mwingine nyumbani akaifanya kazi hiyo, umejikinga sana. Nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani huambukiza vile vile, kwa hiyo navyo vichungwe. Siku paka anapozaa usimsaidie kwa mikono mitupu, na mtaje paka kwa mkunga wako kliniki.

Mbwa wangu yuko siku ya 60. Nitajuaje kwamba leo ndiyo leo, na lini niite mtu? (Mwanakwerekwe)

Nunua kipimajoto na umpime kwa njia ya haja kubwa, asubuhi na jioni, ukikipaka mafuta na kukiingiza sentimita 2 hivi. Joto lake la kawaida ni baina ya nyuzi 38 na 39. Likishuka chini ya 37.5, mara nyingi atazaa ndani ya saa 24. Kwa paka kipimo hiki hakiaminiki. Kisha atakataa chakula, atahema, atatetemeka, atakuna matandiko. Hali hii huchukua saa 6 hadi 12, na kwa mzazi wa kwanza pengine zaidi. Mwandalie boksi lenye kanga kuukuu pembeni, pasipopitwa na watu.

Ita daktari akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, au zikipita saa mbili baina ya mtoto na mtoto huku bado ana watoto ndani. Majimaji ya kijani baada ya mtoto wa kwanza ni ya kawaida kwa mbwa. Kabla yake ni hatari, kondo limeachia. Hesabu makondo: kila mtoto na lake, ingawa mama huyala upesi. Mtoto akitoka na mama asiupasue mfuko ndani ya dakika moja, upasue wewe puani kwanza, mfute mdomo, msugue kwa taulo mpaka alie.

Wenye paka, zingatieni kwamba mama anayenyonyesha huweza kushika mimba nyingine kabla watoto hawajaacha ziwa. Mfungieni ndani mpaka watoto wafikishe wiki nane, waachisheni, na maziwa yakishakauka, kama wiki mbili baadaye, apelekwe afungwe kizazi.